Siku Paa la Maka Lilipotembea

Gari la serikali lenye kipaza sauti lilipita asubuhi, Maka akiwa bado anapima maziwa. Lilitimua vumbi, likatangaza kwa Kiswahili, kisha kwa Kisomali, likarudia tena ili asiwepo wa kusema hakusikia: nyumba zote zilizo nje ya boma la miiba zihamie ndani kabla ya magharibi ya Alhamisi. Nyumba itakayobaki nje itabomolewa.

Maka akamwaga maziwa. Si mengi, kikombe kimoja tu. Lakini kwa mama aliyezoea kumimina bila kudondosha hata tone, kikombe kimoja ni habari kubwa.

"Abaayo," akasema jirani yake Saado, akimwita dada kama wanavyoitana wanawake wa huko, "mikono yako imesikia kabla ya masikio."

Ulikuwa mwaka wa sitini na sita. Vita vya shifta, vya serikali na wapiganaji waliotaka kujitenga na Kenya, vilikuwa vimeingia katika kila kitu kama mchanga unavyoingia katika chakula: huuoni ukiingia, ila ukitafuna unausikia. Malori ya kwenda Thika yalisindikizwa na askari. Mume wa Maka, Barre, alikuwa na mifugo yao kule Balambala, na ilikuwa miezi sasa hajapata kibali cha kuja mjini. Jioni king'ora cha kafyu kilipolia, hata mbuzi walijua. Mji wa Garissa ulikuwa umezungushiwa boma refu la miiba, na nyumba ya Maka ilikuwa nje ya boma hilo, kule ambako siku hizi watu wanakuita Iftin.

Kuhama kwenyewe hakukumtisha. Maka alianza kuhama akiwa tumboni mwa mama yake. Kilichomwaga maziwa yale ni jina la mtu mmoja, nalo ni Korane.

Korane alikuwa na duka la sukari, majani ya chai na vitambaa, mtu wa maneno laini na mkono mgumu. Yeye ndiye aliyemuuzia Maka nyumba kwa malipo ya mwezi kwa mwezi. Bei ilifungwa siku ya kwanza: shilingi kumi na tano kila mwezi unapoandama, haipandi, haishuki, mpaka thamani ya nyumba itimie. Riba haikuwemo, maana riba ni haramu na Korane alikuwa mtu wa safu ya mbele msikitini. Lakini sharti lilikuwemo.

"Nyumba ni rehani yangu mpaka umalize," alisema siku hiyo, mbele ya Sheikh Keinan, mwalimu wa duksi, chuo cha Kurani, aliyeitwa kuwa shahidi. "Siku utakapoihama ukalala chini ya paa jingine, mapatano yamekufa. Nyumba inarudi kwangu, na yote uliyotoa ni kodi."

Maka alikubali. Nani anaihama nyumba yake mwenyewe? Wakati huo vita vilikuwa bado ni maneno ya redioni.

Sasa watu walikuwa wamesongamana ndani ya boma, na chumba kimoja cha kupanga kilikuwa shilingi arobaini, nacho hakina dirisha. Mabati yalikuwa hayapatikani. Wanawake sokoni walikuwa na msemo wao, kitu kikiwa rahisi sana walisema, "Hiyo ni bei ya Maka." Msemo huo ulimchoma Korane kama mwiba uliojificha kwenye kiatu. Na Maka alikuwa ameshapita nusu ya malipo. Akiihama nyumba ile, miaka yote ya kuamka kabla ya adhana kwenda kukutana na wenye ngamia njiani, ya kubeba vyombo vya maziwa mgongoni mpaka ukanda ukamchubua bega, ingekuwa kodi tu. Yeye na binti zake wawili wangekuwa wapangaji tena, pengine wa Korane huyohuyo.

Alifunga shuka yake vizuri akaenda dukani.

Korane alikuwa amekaa nje ya duka na wanaume wengine, wanakunywa chai. Sheikh Keinan alikuwepo, kikombe mkononi. Maka akasalimu, wakaitikia.

"Adeer Korane," akaanza kwa adabu, akimwita baba mdogo, "umesikia tangazo."

"Nimesikia, binti yangu. Kila kitu ni mapenzi ya Mungu."

"Una vyumba ndani ya boma. Nipe kimoja badala ya nyumba yangu. Mapatano yetu yahamie huko, bei ileile, muda uleule. Wewe hutapoteza kitu."

Korane akatabasamu, akakoroga chai yake ingawa sukari ilikuwa imeshayeyuka zamani. "Maka, mapatano yetu yalikuwa ya nyumba ile. Chumba changu kingine ni nyumba nyingine. Nyumba mpya, bei mpya."

"Bei gani?"

"Ya leo. Arobaini. Na kwa kuwa wewe ni kama mwanangu, thelathini na nane."

Wanaume wakacheka ndani ya vikombe.

"Na zile nilizokwisha kulipa?"

"Sharti ulilisikia. Sheikh Keinan alikuwepo."

Sheikh Keinan akatazama chini. Alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki hafurahi kuulizwa jambo ambalo jibu lake hapendi. "Alisema hivyo," akajibu. "Ukiihama nyumba ukalala chini ya paa jingine."

Maka akasimama pale, jua likimpiga kisogoni. Maneno hayo akayageuza kichwani kama mtu anayegeuza chapati: upande huu, upande ule. Kisha akauliza, "Na nisipoihama? Nikaenda nayo?"

"Nayo nini?"

"Nyumba."

Kicheko kilichotoka hapo kiliwainua ndege wakubwa waliokuwa wakipekua taka nyuma ya duka. Korane alifuta machozi kwa ncha ya kilemba. "Utaenda na nyumba ya mabati! Utaiswaga kwa fimbo au utaivuta kwa kamba?"

"Adeer, mimi nauliza tu. Siku ya kuuziana uliniambia unauza nini?"

Akalijibu swali hilo Sheikh Keinan, na sauti yake sasa ilikuwa na uhai. "Alisema anauza nguzo, paa, mlango na dirisha. Ardhi ni ya serikali. Udongo wa kuta ukande mwenyewe."

"Nikaukanda mwenyewe," akasema Maka, "kwa sababu adeer hakutaka kulipa fundi wa udongo. Basi nikizipeleka nguzo, paa, mlango na dirisha ndani ya boma, nikalala chini ya paa hilohilo usiku wa Alhamisi, mapatano yamekufa au yapo?"

Korane angeweza kunyamaza hapo. Lakini alikuwa na wasikilizaji, na mtu mwenye wasikilizaji hulipa zaidi ya alichokusudia. Akapiga paja. "Yapo! Wallahi yapo, bei ileile, mpaka utakapomaliza. Lakini paa lote, si vipande vya kuombaomba. Na kafyu ikilia hujafika, nyumba ni yangu popote itakapokuwa imeanguka. Sheikh, shahidi!"

"Mimi shahidi," akasema Sheikh Keinan haraka, kama mtu anayekamata kuku kabla hajabadili njia.

Korane hakuwa mjinga. Kosa lake lilikuwa la mtu aliyezaliwa porini akazeekea dukani. Alikuwa amekaa ndani ya kuta muda mrefu mpaka akadhani nyumba ni kitu kilichoota mizizi.

Maka hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alikwenda kwa eeddo Fatumo, shangazi wa mumewe, mwanamke mzee mwenye meno machache na vitendawili vingi. Mtu akienda kwa eeddo Fatumo na shida, kwanza hutegwa.

"Kitendawili," akasema eeddo kabla Maka hajakaa.

"Eeddo, nina haraka."

"Kitendawili!"

"Tega," akasema Maka kwa kuishiwa nguvu.

"Mchana namfunga kamba, nampandisha juu ya ngamia. Usiku ananificha tumboni mwake."

Maka akacheka, hakujizuia. "Ni nyumba yetu ya zamani, eeddo. Ile ya fito na mikeka."

"Umekipata. Sasa nieleze shida yako."

Maka akaeleza. Eeddo Fatumo alisikiliza akitafuna kijiti chake cha mswaki, na Maka alipofika kwenye kile kicheko cha dukani, eeddo akakitema kijiti.

"Korane alicheka?"

"Mpaka akalia."

"Korane mwana wa Zeinab? Ah." Macho yake madogo yakameta. "Nimehama mara nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwangu. Nimehama nikiwa na mimba, nimehama na mvua, nimehama simba akitusindikiza. Sijawahi kuacha nyumba nyuma. Waite wanawake. Mimi nitaleta ngamia wangu."

"Na wanaume?"

"Wa nini? Nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume akigusa kamba ya nyumba, inalegea."

Alhamisi wanawake walifika, na jua lilikuwa halijapanda. Walikuja wauza maziwa, wasuka mikeka, mama wa bulla nzima, mtaa wao wote, ambao vibanda vyao vidogo walikuwa wamekwisha kuvihamisha jana yake bila taabu. Hawo, aliyejifungua si muda mrefu, alikuja na mtoto mgongoni na kusema atakuwa mtunza maji. Fundi mmoja, aliyemjengea Korane nyumba ile, alipita kutazama, akaanza kutoa ushauri kuhusu kuta.

"Fundi," Saado akamwambia, "nenda ukaoge. Ukishika nyumba leo, mke wako atauliza umeanza lini kuolewa."

Fundi akaondoka, lakini hakwenda mbali. Kulikuwa na jambo la kutazama.

Kwanza walivunja udongo. Maka mwenyewe alipiga pigo la kwanza, na moyo wake ukauma, maana alama za vidole vyake zilikuwa bado ukutani. Lakini udongo uko kila mahali. Dirisha likatolewa, mlango ukatolewa. Mambo yalikwenda vizuri, na jambo likienda vizuri sana ni dalili ya balaa.

Waling'oa bati moja, la pembeni, wakalijaribu kwa ngamia. Ngamia wa eeddo Fatumo alikuwa mtulivu kama mtu aliyehiji. Amebeba fito, mikeka, ngozi, vyungu, watoto na wagonjwa. Akapiga magoti, akafungiwa bati ubavuni, akainuka. Bati likalia: gwaaang.

Ngamia hakuwa amewahi kusikia mzigo ukisema. Akaruka. Bati likasema tena, kwa sauti kubwa zaidi. Ngamia akatoka mbio kuelekea mtoni na lile bati likimfuata likimtukana, wanawake nyuma yake, shuka zimekunjwa hadi magotini, na fundi kwa mbali amekaa chini kwa kucheka. Walimkamata karibu na mashamba ya mto, anatetemeka, bati limejipinda kama sikio. Kurudi naye kulikula asubuhi yote.

Jua lilikuwa utosini. Paa bado lilikuwa juu ya nguzo zake, limekaa kama kwamba halijaambiwa lolote. Maka akaketi kwenye kizingiti kisicho na mlango.

"Mabati ngamia habebi," akasema. "Na tukiyang'oa yote tuyabebe moja moja vichwani, kisha tuyapigilie tena upya, kafyu itatukuta tumeshika nyundo."

Kutoka kwenye njia, wanaume wawili wa pale dukani walikuwa wamekuja kuangalia kwa niaba ya Korane. Mmoja akapaza sauti, "Maka! Adeer anauliza kama nyumba imeshafika au bado inafunga viatu!"

Saado akainuka. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye kifua cha kubeba ugomvi wa watu wengine. Akaingia chini ya paa, akalitazama kutoka ndani, akasukuma boriti kwa kiganja. Lilikuwa paa dogo, la chumba kimoja na kibaraza, limefungwa kwenye nguzo kwa waya.

"Kwani lina uzito gani?" akauliza.

"Kwa nani?"

"Kwa sisi sote tukigawana." Akageuka. "Mimi nimebeba madumu ya maji kutoka mtoni tangu nilipoota meno. Hawa wote vilevile. Vichwa viko vingi hapa, tunavitumia kwa mitandio tu. Ngamia abebe nguzo na mlango, mti haupigi kelele. Paa tulibebe zima."

Eeddo Fatumo akapiga makofi. "Kata waya!"

Wakakata. Kila mmoja akaviringa kata ya kitambaa kichwani, wakasimama chini ya paa safu kwa safu, warefu pembeni na wafupi katikati, mikono juu ya boriti. Maka akasimama mbele kabisa. Alisikia pumzi za wenzake nyuma ya shingo yake, jasho, manukato ya mtu aliyejifukiza asubuhi.

"Bismillahi," akasema.

Paa likalia kidogo, likainuka. Mwanga ukapita kati yake na nguzo, ufa mwembamba kama ule unaoonekana alfajiri. Maka akaenda hatua moja. Paa likaenda naye.

Kwa mbali mtu angeapa ni paa la nyumba linalotembea lenyewe kwa miguu mingi ya kike. Mbele yake akaenda ngamia na nguzo zake zilizofungwa ndani ya mikeka, ameshikwa na eeddo Fatumo, mkononi ana hangool, ile fimbo ndefu yenye panda na ndoano ya kushikia miiba. Nyuma wakaja watoto wamebeba dirisha na lile bati lililopinda. Na eeddo akaanza kuwapa nguvu:

"Kitendawili!"

"Tega!" likaitikia paa.

"Jana nimemkalia, leo ananikalia!"

"Nyumba ya Maka!"

"Hana shingo, ana vichwa!"

"Nyumba ya Maka!"

"Ametema udongo, amemeza mama!"

"Nyumba ya Maka!"

Wanaume wawili wa Korane waliacha kucheka. Mmoja akashika njia kwenda dukani mbiombio. Kwenye vibanda vya chai watu walisimama, wengine juu ya viti. Mzee mmoja kipofu akauliza ni nini kinachopita, akaambiwa ni nyumba. Akasema, "Alhamdulillahi, nilidhani siku hizi hazihami tena."

Shingo ya Maka ilikuwa imekufa ganzi. Mara mbili walipumzika, paa likiegemezwa kwenye vichuguu. Kivuli kilikuwa kimeanza kurefuka walipofika kwenye lango la boma, na hapo ndipo mambo yalipokwama. Lango lilikuwa la watu na mbuzi. Paa lilikuwa mara tatu ya lango.

Koplo aliyekuwa zamu, mtu wa upande wa Machakos, alitoka kibandani na bunduki yake, akatazama, akarudi nyuma hatua moja, akatazama tena.

"Hiki ni nini?"

Saado ndiye aliyekuwa na Kiswahili cha sokoni, tena kingi. "Afande, hii nyumba. Nasema hamia ndani, yeye nahamia."

"Nyumba haipiti hapa. Vunjeni kwanza."

"Nafunja hafana wakati. Kafyu karibu. Fungua boma kidogo, sisi nabita bole bole."

"Hakuna ruhusa ya kufungua boma!" Koplo akapandisha sauti. "Amri ni boma lisiguswe."

Boma lile lilikuwa refu kuliko mtu, miiba yake kama sindano za kushonea magunia, na nyuma yake, pale ndani, Maka aliuona uwanja aliopimiwa na serikali, karibu kiasi cha kurusha jiwe. Kitu ndani ya Maka kilitaka kulia. Badala yake akasema, kwa Kiswahili chake kidogo, kwa upole:

"Afande. Amri ya boma ni ngabi?"

"Moja. Lisiguswe."

"Na amri ya nyumba?"

Koplo akafikiri. "Nyumba isibaki nje baada ya magharibi."

"Sasa hii nyumba kiko nje." Maka hakuweza kuonyesha kwa mkono, akaonyesha kwa kidevu. "Magharibi inakuja. Wewe nachagua amri gani?"

Koplo akatazama barabarani kama mkubwa wake anakuja. Hakukuwa na mtu ila watoto na lile bati lililopinda.

"Tena boma hii nani najenga?" akadakia Saado. "Mimi! Huyu! Huyu! Wanawake nakata miiba, wanawake nafuta, wanawake nabanga. Wewe nasimama na kofia. Mimi nafungua, mimi nafunga. Chai yako habana boa."

Koplo alijaribu kubaki na uso wa serikali. Ulikuwa uso mgumu kuubeba, na ukamwanguka, akacheka. "Haya. Lakini nikihesabu mwiba mmoja umepungua!"

Eeddo Fatumo alikuwa hajangoja ruhusa itafsiriwe. Amekwisha choma panda ya hangool yake chini ya tawi la kwanza, analisukuma pembeni kama mtu anayefungua pazia. Mkono uliozeeka, lakini kazi hiyo ameifanya tangu alipokuwa bibi arusi. Hawo, mtoto mgongoni, akavuta tawi la pili kwa ndoano ya hangool yake. Mlango ukazaliwa mahali ambapo hapakuwa na mlango. Paa likapita bila kugusa tawi hata moja. Na walipogeuka, boma lilikuwa limeshafungwa, na eeddo anajitoa mwiba mmoja kidoleni.

Maka hakungoja kupumzika. Mashimo walikuwa wameyachimba jana. Nguzo zikashuka kwenye ngamia, zikasimamishwa, zikashindiliwa kwa mawe na visigino. Kisha paa likainuliwa kwa mara ya mwisho, wafupi wakiwa juu ya madumu yaliyopinduliwa, na Maka akapanda kufunga waya kwa mkono wake, kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikuwa kwenye kona ya nne alipoiona kofia nyeupe ya Korane ikija, na nyuma yake nusu ya wanywa chai wa Garissa. Sheikh Keinan alikuwa nao, karibu anakimbia.

Korane akazunguka nyumba. Akahesabu nguzo kwa kuzigusa. Akagonga mlango, uliokuwa umesimamishwa kwenye fremu yake bila ukuta kushoto wala kulia. Akatazama juu, akaona pengo pembeni mwa paa, uso wake ukang'aa.

"Nilisema paa lote! Hapa pana tundu. Bati liko wapi?"

"Linakuja," akasema Maka kutoka juu, bila kumtazama. "Lilikwenda kuoga mtoni."

Watoto wakalileta. Saado akalilaza juu ya jiwe, akalikalia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo unene wake ukapata heshima uliyostahili. Bati likanyooka. Si sana, lakini likanyooka. Akampa Maka, na misumari michache. Nyundo ikalia mara chache juu ya vichwa vya watu waliokuwa wakitazama.

Maka akashuka. Akasimama mbele ya Korane, uso umejaa vumbi, nywele zimetoka chini ya mtandio.

"Adeer, karibu nyumbani."

Korane akatazama watu wake, nao wakatazama ndege. "Hii... kuta hakuna," akasema.

"Kuta hukuniuzia," akasema Maka.

Hapo hata Sheikh Keinan alicheka. Lakini Korane alikuwa bado na mfupa kooni, na Maka aliuona: ahadi ilitoka mdomoni mwake, angeweza kuikana, angeweza kusema ulikuwa utani wa chai. Ndipo eeddo Fatumo alipomkaribia, akamshika mkono kama anavyoshikwa mtoto.

"Mwana wa Zeinab. Unajua ulizaliwa wapi?"

"Upande wa Eldas, eeddo."

"Upande wa Eldas, njiani. Siku ya kuhama. Mama yako alishuka kwenye mzigo, akakuzaa chini ya mti mmoja mbovu, mimi nikakata kitovu. Kabla ya alasiri alikuwa juu ya ngamia tena, na wewe katikati ya fito za nyumba, umefungwa kamba pamoja nazo. Usiku ule ule aliisimamisha nyumba yake mwenyewe, hajaacha fito moja nyuma. Wewe uliingia nyumbani ukiwa sehemu ya mzigo." Akamwachia mkono. "Sasa dukani ulicheka nini?"

Korane alilitazama paa kwa muda, lile bati lililopinda, zile waya zilizokazwa kwa mikono ya wanawake. Akavua kofia yake, akajifuta paji la uso. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshuka mlima.

"Sikujua hilo la kufungwa na fito," akasema. Kisha, kwa sauti ya kusikika na wote: "Nyumba imehama. Maka hajaihama. Bei ni ileile, mwezi kwa mwezi, mpaka atakapomaliza. Kama kuna aliyesikia tofauti, aseme."

Wanawake walipiga vigelegele mpaka ngamia akakumbuka bati na akataka kukimbia tena. Na kabla vigelegele havijaisha, Hawo akamsogelea Korane na mtoto wake mgongoni. "Adeer, mimi ni mpangaji wako wa shilingi arobaini. Na mimi nataka uniuzie kama Maka. Nguzo, paa, mlango na dirisha."

"Na mimi!" akasema mwingine.

"Na mimi, udongo nakanda mwenyewe!"

Korane akarudi nyuma, mikono juu. "Kesho! Njooni kesho dukani, si leo, leo nimechoka kuuza." Akaondoka kwa haraka, akiwa nusu anacheka na nusu anakimbia, wanawake watatu wakimfuata kwa bei zao.

Maka akaingia ndani. Hakukuwa na ndani, ila alipita mlangoni, kwa heshima ya mlango. Akatandika mkeka katikati. Binti zake wakalala chali kulitazama paa lao kama wageni.

Ndipo king'ora cha kafyu kikalia.

Wanawake wakatazamana. Wengi wao waliishi upande wa pili wa mji, na sasa hakuna aliyeweza kurudi kwake. Saado akaanza kucheka kwanza, kimya kimya, tumbo likitikisika. "Basi. Tumelibeba, nalo litubebe."

Wakaingia wote, wakabanana kama vidole ndani ya kiatu, na Maka akatia chai ya maziwa kwenye kila kikombe alichokuwa nacho, kisha kwenye vifuniko. Upepo ulipita huru kutoka kila upande. Huko nje, kwenye giza lililoanza kuingia, buti zikasikika, na mwanga wa tochi ukaja ukitafuta. Alikuwa yule koplo, katika doria yake. Tochi ikagonga paa, nguzo, mlango uliofungwa kwa komeo, na kuuzunguka mlango huo pande zote, nyuso za wanawake zinazomeremeta jasho.

"Nyinyi!" akasema. "Kafyu imelia. Mko ndani ama mko nje?"

Maka akanyanyua kikombe chake.

"Tuko ndani, afande," akasema. "Hata mlango nimefunga."

Koplo akazunguka hadi mbele ya mlango uliokuwa peke yake, akaugonga mara mbili kwa adabu, akawatakia usiku mwema, akaenda zake.